Kilima Kiko Nyuma

Waliposikiliza rekodi ile kwa mara ya kumi na mbili, mwongoza ndege aliomba ruhusa azime feni ya mezani.

"Iache," Sindano alimwambia.

"Dada, inanitisha."

"Ndiyo maana nataka uiache."

Jina la Sindano alibandikwa na wenzake kwenye ofisi ya uchunguzi wa ajali za ndege. Alikuwa mwanamke mwembamba, na hakuna mtu aliyewahi kuhojiwa naye akaondoka bila kuchomwa mahali. Hii ilikuwa wiki yake ya tatu kwenye kesi hii. Ndege ndogo ya injini mbili, yenye rubani mmoja na abiria watatu, ilikuwa inakuja kutua kwenye uwanja huu saa tatu asubuhi. Wingu lilikuwa limefunika kila kitu. Ikajibamiza kwenye kilima, futi hamsini tu chini ya kilele, na hakupona mtu. Kampuni yenye ndege haikungoja hata mazishi. Jioni ileile ilitangaza kwamba rubani alishuka mapema kwa uzembe wake mwenyewe.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, baba wa rubani. Naye alirusha ndege za kampuni hiyohiyo na kuwafundisha marubani wake mpaka alipostaafu, na watu wote wa uwanjani walimwita Kepteni. Kila asubuhi kwa wiki tatu alikuwa mlangoni kwa Sindano, suti ileile, tai ileile, maneno yaleyale: mwanangu hakukosea. Ripoti ilitakiwa kesho, na mpaka dakika hii Sindano hakuwa na kitu cha kuandika zaidi ya yale ya kampuni.

"Rudisha mwanzo," alisema.

Mwongoza ndege alibonyeza kitufe. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na sauti nzuri ya redioni, aliyesimamishwa kazi tangu siku ya ajali. Leo aliruhusiwa kupanda mnarani kwa sababu Sindano alimtaka.

"Mnara, niko juu ya kinara," ilisema sauti ya marehemu. "Nashuka mpaka futi elfu tatu na mia sita." Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Kinara kilikuwa mtambo wa redio ng'ambo ya kilima, unaowaonyesha marubani pa kuanzia kushuka.

"Endelea. Upepo shwari. Kilima kiko mbele yako."

Kikafuata kimya, lakini kimya chenye feni ndani yake. Kipaza sauti cha mnarani kilikuwa cha zamani na kilinasa kila kitu chumbani: feni ikizunguka, kiti kikilia, mwongoza ndege akisafisha koo.

"Kilima kiko nyuma. Nashuka."

"Sawa. Niambie ukiuona uwanja."

Hakujibu. Feni ikaendelea kuvuma, ikavuma, halafu mvumo ukaanza kulegea, ukawa mzito, ukanyamaza. "Umeme tena!" alisema mwongoza ndege wa kwenye rekodi, akatoa tusi.

Mwongoza ndege aliyekaa kwenye kiti aliinamisha kichwa. Waya wa umeme unaoleta moto uwanjani ulipita juu ya kile kilima, na bawa la ndege ndilo lililoukata. Mashine ya kurekodi ilikuwa na betri yake, kwa hiyo haikuzimika.

"Mtu anakufa, mimi nawatukana mafundi wa umeme," alisema. "Nililijua hilo baada ya saa mbili."

"Kipimo cha hewa ulimpa?"

"Nilimpa, akakirudia. Umeshaniuliza mara ngapi, dada?"

Alikuwa amemuuliza mara tisa. Wiki mbili nzima Sindano alimshuku yeye. Altimita, ile saa inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani, hutegeshwa kwa kipimo cha hewa kinachotoka mnarani. Kikitajwa vibaya, rubani anajiona yuko juu kumbe yuko chini. Lakini altimita iliyookotwa kilimani ilikuwa imetegeshwa sawasawa, na kipimo cha uwanjani kilipopelekwa kukaguliwa kilionekana kizima. Njia hiyo ilikuwa imefungwa. Marehemu alijua vizuri sana yuko juu kiasi gani. Asichokijua ni yuko wapi.

"Nijibu moja jipya basi," Sindano alisema. "Alijuaje kwamba kilima kiko nyuma?"

"Si kuna mashine ya umbali pale chini, inayomwambia rubani..."

"Iko hai?"

Mwongoza ndege alikuna shingo. "Imekufa. Mwaka wa pili sasa."

"Ndege yake ilikuwa na ramani ya satelaiti?"

"Mkweche ule? Haukuwa nayo."

"Alikiona kwa macho?"

"Dada, asubuhi ile nilikuwa sioni hata gari langu hapo chini."

"Mashine hakuna, satelaiti hakuna, macho hayaoni. Na sheria inasema nini mashine ikiwa imekufa?"

"Asishuke chini ya elfu tatu na mia sita mpaka auone uwanja. Asipouona, ageuze arudi alikotoka."

"Yeye hakugeuza. Alisema kilima kiko nyuma, akashuka. Nani alimwambia?"

Mwongoza ndege aligeuza macho kwenye mashine ya kurekodi. "Husema hivyo wote," alisema hatimaye. "Wa kampuni ile. Wakifika hapo wanasema kilima kiko nyuma. Mimi nilidhani wana kifaa chao."

"Nipe rekodi za wote. Siku za mawingu tu."

Zilipatikana kumi na moja, za miezi kumi, za marubani watatu: mwanamke mmoja na wanaume wawili. Sindano alitoa saa ya kupimia mbio, ile ya wanariadha, akaiweka mezani. Sauti iliposema niko juu ya kinara, aliibonyeza. Iliposema kilima kiko nyuma, aliibonyeza tena.

Dakika mbili na sekunde ishirini.

Rekodi ya pili, yule mwanamke, dakika mbili na sekunde ishirini. Ya tatu, mwanamume mwenye mafua, aliyepiga chafya katikati na bado akatoa neno lake kwenye sekunde ileile. Baada ya ya sita, mwongoza ndege alisogeza kiti chake mbali na spika. Siku za mvua na siku za ukungu, asubuhi na alasiri, watu watatu wasiofanana sauti walikuwa wanaongea kwa kinywa kimoja. Ya kumi na moja ilipoisha, Sindano aliizima saa.

"Hawakioni," Sindano alisema. "Wanahesabu."

Alivuta karatasi. Kutoka kinara mpaka pale bawa lilipokata waya, aliwahi kupima mwenyewe kwenye ramani: kilomita saba na mita mia nne. Kutoka marehemu aliposema yuko juu ya kinara mpaka feni ilipoanza kulegea, dakika mbili na sekunde hamsini. Aligawanya, akazidisha, akamgeuzia mwongoza ndege karatasi.

"Kilomita mia na hamsini na saba kwa saa. Ndege ile ikija kutua huruka ngapi?"

"Mia mbili na ishirini."

"Zaidi ya sitini zimekwenda wapi?"

"Upepo wa mbele tu ndio unaweza kula kiasi hicho." Alitikisa kichwa. "Lakini upepo haukuwepo, dada. Mfuko wa upepo ulikuwa umelala fofofo. Hata hapo ulinisikia: upepo shwari."

"Huku chini."

Wote wawili waligeuka dirishani. Mfuko wa upepo, ule wa kitambaa chekundu na cheupe kwenye nguzo kando ya njia ya kurukia, ulikuwa umening'inia bila uhai. Nyasi hazikutikisika. Juu yake, usawa wa kilele, wingu la kijivu lilikuwa linakimbia kwa kasi, kimyakimya, likipita na kupita kana kwamba huko juu kulikuwa na siku nyingine tofauti na hii.

"Mungu wangu," alisema mwongoza ndege. "Kilima kinatukinga sisi."

"Kuanzia sasa, wa kampuni ile yeyote asishuke chini ya elfu tatu na mia sita mpaka auone uwanja kwa macho yake. Naandika amri hapahapa."

"Watageuza warudi."

"Warudi." Alisaini, akampa mwongoza ndege wa zamu aliyekuwa mlangoni. "Nani aliwafundisha kuhesabu?"

"Unaniuliza na jibu unalo," alisema mwenye kitambi. "Nani aliwafundisha kila kitu?"

Kabla hajapanda gari, Sindano aliwapigia simu marubani wote watatu. Wote walikana. Hawajui hesabu yoyote, hawajawahi kusikia hesabu yoyote, na wa mwisho alikata simu. Hakuwashangaa, kukiri ni kutupa leseni jalalani. Ila bila mtu wa kusema hesabu ilikuwepo, zile dakika mbili na sekunde ishirini zingebaki kuwa namba tu, na ripoti ya kesho ingembebesha marehemu peke yake maiti tatu.

Mlango wa nyumba ya Kepteni ulifunguliwa na mkwe wake, mke wa marehemu. Alikuwa amevaa sweta la mwanamume, mikono imekunjwa mara tatu.

"Karibu, dada. Baba yuko sebuleni. Amevaa kuja kwako, halafu akasema leo miguu imekataa."

"Leo nimekuja mimi. Pole na kila kitu."

"Nishapoa." Alishusha sauti. "Umepata kitu?"

Swali hilo Sindano halijibu, hata angeulizwa na mama yake mzazi. "Mumeo alikuwa anaongea habari za kazi nyumbani?"

"Hata kidogo. Labda usingizini."

"Alisema nini usingizini?"

"Hakusema. Alihesabu." Mkwe alijaribu kutabasamu. "Mara mbili, tatu kwa wiki. Polepole, hivi hivi, moja, mbili, tatu. Akifika mia na arobaini ananyamaza na kulala vizuri. Nikishaamka, nilikuwa siwezi kulala tena mpaka amalize. Nilikuwa namwambia, wewe siku moja utahesabu mpaka asubuhi."

Mia na arobaini. Sindano alizigeuza kichwani: dakika mbili na sekunde ishirini.

Kepteni alikaa mezani, tai imefungwa mpaka juu, mikono juu ya meza kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Sebule ilikuwa safi mno. Mapazia yalikuwa nusu, na ukutani kulikuwa na picha moja tu: yeye na mwanawe mbele ya ndege, wamevaa sare, wamesimama kwa namna moja, mguu wa kulia mbele.

"Shikamoo, Kepteni."

"Marahaba, binti. Ripoti umemaliza?"

"Bado. Kampuni inasema alishuka mapema."

"Kampuni ina wahasibu, haina marubani. Mwanangu hakukosea."

"Nataka unionyeshe. Mimi sijawahi kurusha ndege, na wewe ndiye uliyemfundisha. Nitaweka rekodi, na wewe ushuke naye. Sema tu kile ambacho angetakiwa kukifanya."

Mzee alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu uso wake ulipata damu. Alivuta kiti. Aliinua mikono, akashika usukani usiokuwepo. Sindano aliweka simu mezani, akabonyeza.

"Mnara, niko juu ya kinara," alisema mwana.

Vidole vya baba vikafunga. "Punguza moto," alisema kwa sauti ya chini. "Magurudumu chini. Moja. Mbili. Tatu. Nne." Macho aliyafumba. Alihesabu bila haraka, bila kusita, kila namba na nafasi yake, huku feni ya mnarani ikivuma ndani ya simu. Kwenye arobaini alirekebisha usukani kidogo. Kwenye themanini alisema, "Elfu tatu na mia sita, kaa hapo, usiwe na pupa." Hakuwa anaongea na Sindano tena. Kwenye mia alianza kutokwa na jasho kwenye mdomo wa juu. Mia na ishirini. Mia na thelathini.

"Mia na thelathini na tisa. Mia na arobaini."

"Kilima kiko nyuma," walisema baba na mwana kwa pamoja, sauti moja juu ya nyingine, bila kupishana hata herufi.

Mzee alifumbua macho. Yalikuwa yamejaa machozi na fahari. "Umesikia? Umemsikia mwenyewe? Sekunde haikuzidi wala haikupungua. Sasa waambie hao! Mwanangu hakukosea!"

"Hakukosea," Sindano alisema.

Hakuizima simu. Feni ikavuma sekunde thelathini, ikalegea, ikafa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho na uso wake ukabadilika.

"Hiyo nini?"

"Waya wa kilimani umekatika. Hapo ndipo alipofika." Alimwekea ile karatasi ya mnarani mbele. "Hesabu hii uliipima lini, Kepteni?"

"Mashine ilipokufa. Niliruka mwenyewe mara ishirini nikiwa na saa mkononi. Mara ishirini! Kutoka kinara, mia na arobaini, kilima kimebaki nyuma zaidi ya kilomita moja."

"Siku gani?"

"Za kiangazi, asubuhi, unaona kila jiwe. Ningepimaje ndani ya wingu?"

"Na upepo?"

"Shwari." Kisha akaongeza haraka, "Binti, kilima kikifunikwa, hewa imetulia. Wingu na upepo havikai nyumba moja pale. Nimeruka hapo miaka thelathini na moja."

"Wakati huo mashine ilikuwa inakuambia ulipo, hukuwa na sababu ya kuutafuta upepo. Siku ile juu kulikuwa na upepo wa mbele wa kilomita zaidi ya sitini kwa saa. Chini uwanjani hata jani halikutikisika, na mnara ukamwambia shwari. Kwa upepo ule, mia na arobaini ilimfikisha kilomita moja na mita mia tatu kabla ya kilima. Akashuka kama ulivyomfundisha."

Kepteni aliishika karatasi. Aliisoma kama anavyosoma rubani, juu mpaka chini, halafu chini mpaka juu. Midomo ilizidisha na kugawanya. Sindano alimwona alipofika kwenye jibu, na alimwonea huruma kwelikweli, kwa sababu hakukuwa na kosa lolote kwenye hesabu zile la kumwokoa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza mzee.

"Marubani wako wamekana. Umebaki wewe. Ukisaini kwamba hesabu ilikuwa yako na ndiyo uliyomfundisha, jina la mwanao linasafishika kesho. Usiposaini, ninayo yale ya kampuni tu."

Mzee alikunja karatasi mara mbili, akailainisha kwa kucha.

"Andika alishuka mapema," alisema.

Sindano alidhani hakusikia vizuri. "Wiki tatu umenigongea mlango."

"Wiki tatu nilikuwa sijui." Sauti yake ilikuwa tulivu, taratibu, ileile ya kwenye rekodi, na hilo ndilo lililomtisha Sindano. "Yeye ameshamaliza, binti. Hawamwiti mahali, hawamhoji. Mimi nikitoka hapa kwenda dukani watu wanasimama kwa heshima. Miaka thelathini na moja sijakwaruza hata tairi. Mwanangu angeniambia hivyohivyo. Alikuwa mtoto msikivu."

"Umehesabu mbele yangu sasa hivi."

"Umemsikia mzee aliyefiwa akiweweseka. Mlikuwa wawili tu, wewe na mzee huyo. Ofisi yako inataka shahidi wa pili, nawajua. Shahidi wako yuko wapi?"

Na kweli, hakuwa naye. Sindano alikuwa ameingia peke yake, kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, hasira ya kujilaumu zaidi ya kumlaumu mzee.

"Mimi nimesikia."

Mkwe alikuwa kwenye mlango wa sebule. Alikuwa na sinia la chai, na chai ilikuwa imeacha kutoa moshi. Alikuwa amesimama pale tangu sauti ya mumewe iliposema yuko juu ya kinara.

"Mwanangu, ingia ndani," alisema Kepteni.

"Nimewasikia wote wawili, baba. Mlisema pamoja."

Aliweka sinia chini, sakafuni, kwa uangalifu, kikombe hata kimoja kisilie. Alikuja mezani, akakaa kwenye kiti cha katikati yao. Sindano alifungua daftari la maelezo, akaandika tarehe na saa, na kumgeuzia.

"Andika ulichokisikia, kwa maneno yako. Chini kuna nafasi ya sahihi ya shahidi."

"Usifanye hivyo," alisema mzee. Sasa sauti ilikuwa imepasuka. "Mimi ni baba yako humu ndani. Nani amekulisha tangu azikwe? Mimi ni baba yako."

"Na yule ni mume wangu," alisema mkwe. Akashika kalamu, akaanza kuandika.